Ukungu wa vioo, denti za milango, kuosha gari: uchague kipi kati ya hiki na kile

Asubuhi ya mvua, mmeingia garini watu watano, nguo zimelowa, viatu vina maji, hamjafika hata mbali kioo cha mbele kishakuwa cheupe na wewe unakipangusa kwa kiganja huku mkono mwingine umeshika usukani. Dakika moja baadaye kimerudi vile vile, na pale kiganja kilipopita pamebaki michirizi ya mafuta ambayo usiku taa za gari inayokuja zikiipiga huoni kitu kabisa. Naanzia hapa makusudi, sababu katika yote nitakayoyataja hili ndo la hatari zaidi, denti, yani bati kubonyea, haiui mtu lakini kutoona barabara kunaua.

Kabla hujabonyeza kitufe chochote, gusa kioo kwa kidole upande wa ndani. Ukungu ukiwa ndani kidole kinaacha alama, ukiwa nje hakiachi. Wengi tunairuka hii hatua, na dawa ya ukungu wa ndani ni karibu kinyume kabisa cha dawa ya ukungu wa nje.

Hita, AC au kushusha kioo?

Ukungu wa ndani unatokea hivi: pumzi zetu na nguo mbichi zinajaza maji kwenye hewa ya gari, hewa hiyo ikigusa kioo kilichopoa mvuke unageuka matone madogo madogo. Kwahiyo una njia mbili tu, ama ukipashe kioo joto ama uyatoe maji kwenye hewa.

Hita inafanya la kwanza. Inapasha kioo, na hewa ya moto inabeba maji mengi kuliko ya baridi, ukungu unaondoka, lakini maji yenyewe hayajatoka kwenye gari, yamerudi tu hewani yanasubiri kioo kipoe. AC inafanya la pili. Hewa inapitishwa kwenye koili ya baridi iliyo nyuma ya dashibodi, maji yananasa pale yanashuka kwenye kibomba mpaka chini ya gari, ndo yale unayoyaona yanadondoka ukiwa umepaki na AC inawaka. Yani AC inaikamua hewa kama nguo. Watu wengi tunaijua kama kitu cha kuleta baridi tu, kwahiyo siku ya mvua na kibaridi hatuiwashi, na hapo ndo ilikuwa inahitajika kuliko siku yoyote.

Kati ya hizo mbili nachagua zote kwa pamoja. Weka joto, washa AC, pandisha feni, elekeza hewa kwenye kioo cha mbele. Havipingani, hewa inakaushwa kwanza alafu inapashwa joto, na hakuna kitu kinachoondoa ukungu haraka kama hicho. Kwenye gari nyingi kile kitufe chenye picha ya kioo na vimishale vya kupinda kinapanga hivyo chenyewe. Ila kukiwa na baridi ya kugandisha, joto la nje limekaribia nyuzi 0, kompresa ya AC kwenye gari nyingi haiwaki, hapo tumia hita na hewa ya nje, itatosha sababu hewa ya baridi kali huwa imebeba maji kidogo sana.

Alafu kuna kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, chenye picha ya gari na mshale umejikunja. Hiki ndo kinatuangusha wengi. Tunakiwasha kuzuia vumbi au moshi wa lori la mbele alafu tunakisahau, pumzi zetu zinazunguka humo humo, ukungu unajaa. Wakati wa ukungu kizime, ruhusu hewa ya nje iingie, hata kama nje kunanyesha, sababu hewa ya nje ikishapashwa joto inakuwa kavu kuliko hiyo ya kwenu mliyoihema nusu saa.

Kushusha kioo kidogo, vidole viwili hivi, ni chaguo la mwenye gari ambayo AC imekufa. Inafanya kazi ila taratibu, na mvua inaingia, na ukisimama kwenye foleni haisaidii sana. Bora hiyo mara mia kuliko kiganja.

Sasa ukungu wa nje, huu unatokea siku ya joto lenye unyevu, AC imepoza kioo kutoka ndani na hewa nzito ya nje inatoa jasho juu yake, kama glasi ya maji ya baridi mezani. Hapa ukiongeza AC kwenye kioo unazidisha tatizo. Pitisha waipa mara mbili tatu, punguza ubaridi, geuza hewa isipige kioo. Basi.

Povu la kunyolea, dawa ya kupulizia au kukisafisha tu kioo?

Povu la kunyolea linafanya kazi kweli, nimelijaribu. Unapaka kidogo ndani ya kioo, unafuta mpaka kioo kiwe safi kabisa, kinabaki kiasi kidogo cha sabuni kinachofanya maji yajitandaze badala ya kuwa matone, kwahiyo unaona nje. Dawa za kupulizia za dukani kazi yake ni hiyo hiyo, tofauti ni kwamba nyingi zinadumu zaidi na hazihitaji kufutwa sana. Shida ya povu ni pale mtu anapolifuta nusu nusu, usiku linang'aa kama mafuta na unakuwa umejiongezea tatizo. Kama huna subira ya kufuta na vitambaa viwili, wacha povu, chukua dawa.

Lakini mimi hivyo vyote naviweka chini ya kitu kimoja rahisi sana, kusafisha kioo kwa ndani. Pitisha kidole kavu kwenye kioo cha mbele ambacho hakijaguswa miezi sita, utaona kuna utando. Unatoka kwenye plastiki za dashibodi zikipigwa jua, moshi wa sigara kama kuna mvutaji, na mikono yetu. Ukungu unapenda sana kujishika kwenye utando huo. Kitambaa cha maikrofaiba kibichi kwanza, kikavu baadae, usisahau pembe za chini kule mkono haufiki vizuri, na kioo kilichosafishwa hivyo kinashika ukungu kidogo sana kuliko kile chenye utando.

Na vile vipakiti vya silika jeli au soksi iliyojazwa mchanga wa choo cha paka? Vinasaidia gari iliyolala imefungwa, vinanyonya unyevu wa usiku. Vikishashiba inabidi uvikaushe, vinginevyo vinakaa tu kama pambo. Kwenye gari yenye watu watano wanahema haviwezi chochote.

Niwaambie kilichonipata. Kuna kipindi gari yangu ilikuwa na ukungu kila asubuhi, hata siku isiyo na mvua, nikanunua dawa ya kwanza, nikanunua ya pili, nikaweka na hivyo vipakiti. Wiki kadhaa nahangaika. Siku moja nikainua karpeti la miguuni kwa abiria nikakuta sponji ya chini imelowa chapachapa, ukiikamua maji yanatoka. Kile kibomba cha maji ya AC kilikuwa kimeziba kwa tope, maji badala ya kwenda chini yanarudi ndani. Kuzibua ilikuwa kazi ya dakika kumi, kukausha karpeti ndo ilichukua siku tatu juani. Tangu hapo mtu akiniuliza dawa gani nzuri ya ukungu, namuuliza karpeti lako umelishika? Raba za milango umeziangalia? Filta ya hewa ya ndani umeibadilisha lini? Maana ikijaa uchafu hewa haipiti vizuri na AC haiwezi kukausha. Na ukisikia harufu tamu tamu ndani alafu kioo kinatoa ukungu wenye mafuta unaorudi kila ukifuta, hiyo sio mvua, mara nyingi ni rejeta ndogo ya hita inavuja kulanti, yale maji ya kupoza injini, usihangaike na sabuni, peleka kwa fundi, na cheki kiwango cha kulanti kabla ya kuendelea na safari sababu injini inaweza kuchemsha.

Denti za milango: kuchagua paking au kununua vizuizi?

Hapa kuna biashara kubwa ya vifaa. Kuna zile raba za pembeni za kuvalisha ukingo wa mlango, kuna mikanda ya kubandika ubavuni, kuna mapadi ya sumaku unayobandika ukishapaki, kuna plastiki angavu nene ya kulinda rangi.

Raba ya ukingo inalinda nini? Inalinda ukingo wa mlango WAKO usichubuke na inalinda gari ya jirani isipigwe na wewe. Haizuii jirani kukupiga wewe. Watu wanainunua wakidhani wamejikinga, sivyo. Mimi bado naipendekeza, kwa ustaarabu tu, hasa kwa mwenye watoto wanaorusha milango, ila ujue unachonunua, na iondoe mara moja moja usafishe sababu uchafu ukinasa ndani yake unakula rangi kimya kimya.

Mkanda wa ubavuni ndo unakulinda wewe, mradi umekaa kwenye kimo ambacho milango ya wengine inapiga. Ubavu wa gari una sehemu iliyojitokeza zaidi, mkanda ukae hapo hapo, ukikaa chini ya hapo ni urembo. Mapadi ya sumaku yanalinda vizuri kuliko mkanda kwasababu ni manene, lakini lazima uyabandike na kuyatoa kila siku, bodi ya aluminiamu au plastiki hayashiki, na ukibandika juu ya vumbi umejipigia msasa mwenyewe. Mwenye gari anayolala nayo sehemu moja ya kubanana kila usiku, yanamfaa. Mwenye mizunguko kumi kwa siku atayachoka wiki ya kwanza.

Ile plastiki angavu ni nzuri kwa mikwaruzo na vijiwe vinavyorushwa barabarani, ila mlango wa mtu ukikugonga kwa nguvu bati litabonyea tu, plastiki itabaki nzima juu ya denti.

Na chaguo lisilo na gharama ni pa kupaki. Nafasi ya mwisho kwenye mstari, upande mmoja una ukuta au nguzo, umeshapunguza nusu ya hatari. Usogee karibu na ule ukuta umwachie jirani nafasi. Epuka kupaki pembeni ya gari yenye milango miwili, milango yake ni mirefu na inafunguka mbali. Kaa mbali na njia ya matoroli, na angalia ardhi, kwenye mteremko mlango unajifungua wenyewe kwa uzito. Siku ya upepo mkali shika mlango kwa mkono unapofungua, nimeona upepo ukiung'oa mlango mpaka ukapiga fenda ya mbele, lile bati la juu ya tairi, ya gari hiyo hiyo. Kutembea hatua mia zaidi ni bei ndogo, na kati ya vizuizi vyote hiki ndo nakiamini zaidi.

Denti imeshaingia: kunyoosha bila rangi, puti na rangi, au maji ya moto?

Angalia rangi. Ikiwa haijapasuka, denti ni ya mviringo na haiko kwenye ukingo, tafuta fundi anayenyoosha bila kupaka. Anaingiza vyuma vyake kwa nyuma ya bati anasukuma kidogo kidogo, au anavuta kwa gundi kutoka nje, na unabaki na rangi yako ya kiwandani. Rangi ya kiwandani ikishaguswa huirudishi tena, hata fundi mzuri wa rangi anahangaika kuoanisha, hasa rangi za metaliki na lulu. Kwahiyo hata kama fundi wa puti, ile ya kujazia denti kabla ya rangi, yuko karibu na anasema ni kazi ya saa moja, mimi ningesubiri yule mwingine.

Rangi ikipasuka, au bati limekunjika kwa mstari mkali, hapo hakuna ujanja, ni kunyoosha, puti, rangi. Na usikae nayo muda mrefu, bati lililo wazi linaanza kutu.

Maji ya moto ni kwa bampa za plastiki tu. Plastiki ikipata moto inalainika, unaisukuma kutoka ndani inarudi, alafu unaimwagia maji ya baridi ishike. Nimeifanya ikakubali. Ila kama bampa ina sensa za kupaki, au rangi imeshapata nyufa, acha. Kwenye bati la mlango maji ya moto hayafanyi kitu, na ile mbinu ya kupasha bati kwa kikausha nywele alafu kulipulizia baridi sijaiona ikifanikiwa kwa denti ya maana.

Kuosha: mikwaruzo mingi tunaiweka wenyewe

Simama na gari nyeusi juani uangalie ile mikwaruzo midogo inayozunguka kama utando wa buibui. Hiyo haikuletwa na barabara, imeletwa na kitambaa. Juu ya rangi kuna ile vanishi mafundi wanaiita klia, unene wake kwenye gari nyingi ni maikroni 40 hadi 50 hivi, yani karibu nusu ya karatasi ya kuchapishia. Kila ukipiga polishi kuondoa mikwaruzo unaila klia, na haijirudishi. Kwahiyo mjadala wa polishi gani bora unakuja baada ya mjadala wa unaoshaje.

Ndoo moja na tambara dhidi ya ndoo mbili na glovu ya maikrofaiba. Kwenye ndoo moja uchafu uliotoa mlangoni unarudi kwenye maji na unaupeleka kwenye boneti. Kwenye ndoo mbili, moja ina shampuu, nyingine maji matupu ya kusuuzia glovu kabla hujarudi kuchota shampuu, mchanga unabaki kule. Hakuna kifaa cha bei kubwa kitakachokupa faida kama hiyo ndoo ya pili. Mwagia gari maji kwanza uchafu mkubwa uondoke, anza juu shuka chini, rimu na tairi mwisho kwa kitambaa chake pekee, kivulini na bodi ikiwa imepoa. Kitambaa kikianguka chini usikirudishe kwenye rangi hata kama kinaonekana safi.

Sabuni ya vyombo au shampuu ya gari? Sabuni ya vyombo imetengenezwa kukata mafuta, inaondoa waksi yako pia. Sio sumu, ukitaka kuvua waksi ya zamani kabla ya kupaka mpya inafaa kabisa, ila ya kila wiki hapana. Ya unga ya kufulia ndo usiisogeze kabisa, ni kali na chembe zisizoyeyuka zinakwaruza.

Mashine ya brashi au mikono? Zile brashi zimetoka kuosha gari iliyotoka matopeni kabla yako. Mashine isiyogusa, ya presha na povu tu, ni salama zaidi kwa rangi ingawa kemikali zake huwa kali na inaacha utando mwembamba wa uchafu. Ukikosa muda wa kuosha kwa mkono chukua isiyogusa.

Na kitu kimoja nawasihi, kile cha kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu asubuhi ili gari ionekane safi, acheni. Vumbi ni mchanga. Bora gari yenye vumbi. Kinyesi cha ndege ndo usikiache, jua likikipiga kinachora alama kwenye klia, ila nacho usikisugue, weka kitambaa kibichi juu dakika chache kilainike alafu kiinue.

Waksi, silanti au seramiki?

Vyote vitatu vinapakwa juu ya rangi kuilinda. Waksi ya carnauba, inayotoka kwenye majani ya aina ya mchikichi wa Brazil, inatoa mng'ao mzuri wa joto na inadumu mwezi mmoja mpaka mitatu. Silanti za kutengenezwa kiwandani zinaenda karibu miezi sita, mng'ao wake ni wa kioo zaidi. Seramiki inayopakwa vizuri inakaa miaka miwili na zaidi, uchafu unatoka kirahisi, lakini lazima rangi isafishwe na kupigwa polishi kwanza, maana mkwaruzo ukifungiwa chini ya seramiki utaishi nao muda wote huo. Wauzaji wanaahidi kwamba seramiki inazuia vijiwe na denti, haizuii. Mtu anayeosha kwa tambara na ndoo moja asinunue seramiki, anunue ndoo. Kwa gari ya kila siku inayolala nje mimi nachukua silanti, mara mbili kwa mwaka, nimemaliza.

Taa zilizofifia: dawa ya meno au msasa?

Kava za taa ni za polikaboneti, jua linaunguza ile koti ya kinga ya kiwandani mpaka zinakuwa za njano. Dawa ya meno inasugua juu juu, unaona mwanga siku hiyo, lakini koti ya kinga haipo tena, baada ya wiki kadhaa njano imerudi. Msasa wa maji kwa hatua, namba 800 au 1000, kisha 2000, kisha 3000, alafu polishi, alafu LAZIMA upake koti mpya ya kukinga jua. Ukiruka hilo la mwisho umefanya kazi ya dawa ya meno kwa jasho zaidi. Na ukiona ukungu au maji ndani ya taa, msasa hauhusiki, mara nyingi raba yake imeachia.

Raba mpya za waipa au dawa ya kukimbiza maji?

Raba kwanza. Nyingi zinachoka kati ya miezi 6 na 12, jua linazikausha, zinaanza kulia na kuacha mistari. Kabla ya kununua zipanguse kwa kitambaa chenye spiriti, wakati mwingine ni uchafu tu. Ile dawa ya kukimbiza maji ni tamu kwenye barabara ndefu, upepo unayasukuma matone yenyewe, ila kwenye mwendo wa pole mjini matone yanakaa tu, na ikipakwa vibaya inafanya waipa zirukeruke. Ni ya nje ya kioo, usiipake ndani ukidhani itazuia ukungu, nyingi zinauzidisha.

Na wakati uko hapo kwenye kioo, ile dawa ya kung'arisha dashibodi yenye mafuta mafuta ibadilishe, chukua isiyong'aa. Ile ya kung'aa inaakisi jua kwenye kioo cha mbele na inaongeza ule utando niliousema, yani unapendezesha dashibodi alafu ukungu unakuja kwa wingi zaidi mvua ikirudi.